Kambi za Msitu wa Kaskazini: Safari ya Quebec ya Mwaka 1775

Katika nchi yetu jua huchomoza na kutua kwa saa zile zile karibu mwaka mzima, na majira tuyajuayo ni ya mvua na ya kiangazi. Katika nchi za kaskazini ya dunia mambo sivyo yalivyo. Huko mwaka umegawanyika vipindi vinne, na kimoja katika hivyo, kianzacho mwezi wa Septemba, ni kipindi cha kupukutika majani. Wako wakiitao kwa Kiswahili vuli, lakini wewe msomaji usidanganywe na jina. Vuli yetu huleta mvua na kuotesha mbegu. Vuli yao huufunga mwaka. Mchana hupungua siku hata siku. Majani ya miti mingi hugeuka rangi, yakawa ya manjano, ya dhahabu na mekundu kama damu, kisha huanguka yote, na miti ikabaki mitupu. Misonobari peke yake na jamaa zake hubaki na majani yake mabichi, tayari kuipokea theluji.

Kwa mtu aliyeshiba na mwenye nguo nzito, hapana wakati mzuri kuliko huo wa kupiga kambi msituni. Mbu wamekwisha, hewa ni safi, na moto wa jioni ni rafiki mkubwa. Lakini uzuri huo una masharti, na ayavunjaye hulipa. Nataka kukusimulia habari za watu kama 1,100 walioingia katika msitu kama huo mwaka 1775, wakapiga kambi usiku baada ya usiku kwa muda wa majuma sita na zaidi. Hawakwenda kutembea, walikwenda vitani. Hata hivyo adui aliyewaumiza zaidi njiani hakuwa na bunduki.

Mwaka ule makoloni 13 ya Kiingereza yaliyokuwa katika pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini yalikuwa yameanza kupigana na serikali ya Uingereza. Risasi za kwanza zililia mwezi wa Aprili huko Lexington na Concord, na mwezi wa Julai George Washington alishika uongozi wa jeshi la makoloni katika mji wa Cambridge, Massachusetts. Upande wa kaskazini ilikuwako Kanada, nchi ambayo Waingereza walikuwa wameitwaa kwa Wafaransa miaka michache tu iliyopita. Ngome yake kuu ilikuwa Quebec, mji uliojengwa juu ya jabali kando ya Mto St. Lawrence. Viongozi wa makoloni waliona ya kuwa wakiupata mji huo, Waingereza hawatapata mlango wa kuwashukia kutoka kaskazini.

Basi likafanywa shauri la kwenda kwa njia mbili. Jeshi moja, ambalo baadaye liliongozwa na Richard Montgomery, lilipita njia iliyozoeleka ya Ziwa Champlain mpaka Montreal. La pili lilikabidhiwa Benedict Arnold, mfanyabiashara na muuza dawa wa mji wa New Haven, mwenye umri wa miaka 34, mtu shujaa, mwepesi wa kuamua na mgumu wa kukata tamaa. Yeye alitakiwa apande Mto Kennebec katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maine, avuke milima, kisha auteremke Mto Chaudière mpaka mbele ya Quebec, na kuutokea mji kutoka mahali ambapo hapana aliyemtazamia. Shauri lilikuwa zuri kwenye karatasi.

Na karatasi yenyewe ndiyo iliyokuwa mwanzo wa taabu. Arnold alitumia ramani na maandishi ya John Montresor, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1761. Lakini nakala iliyomfikia Arnold ilikuwa imeachwa mapengo kwa makusudi, maana mambo ya kijeshi hayaandikwi yote mahali ambapo kila mtu aweza kuyasoma. Kwa kuitegemea ramani hiyo Arnold alihesabu ya kuwa safari ingekuwa ya maili 180, na kwamba siku 20 zingetosha. Kumbe njia yenyewe ilikuwa yapata maili 350, yaani zaidi ya mwendo wa kutoka Mombasa hadi Nairobi; na tangu walipoondoka Fort Western, mwisho wa Septemba, mpaka walipouona Mto St. Lawrence, zilipita siku zaidi ya 40. Fikiri mwenyewe, msomaji: ukiondoka nyumbani na chakula cha siku 20, utakula nini siku ya 30?

Kosa la pili lilikuwa la vyombo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nao walijua kwamba kuunda kwataka muda. Mashua 200 hivi ziliagizwa kwa Reuben Colburn, mwenye kiwanda cha mashua kando ya Kennebec, naye akapewa kama majuma mawili tu ya kuzitengeneza zote. Mbao kavu hazikupatikana kwa wingi huo, kwa hiyo mafundi walitumia mbao mbichi. Mbao mbichi ni nzito, na zikikauka hujikunja na kuachana. Mashua moja ilikuwa na uzito wa yapata ratili 400 kabla ya kupakiwa kitu, na tangu siku za kwanza maji yalianza kupenya katika maungio yake.

Askari waliingia mtoni kwa mafungu manne. Fungu la kwanza lilikuwa la wapiga shabaha wa Virginia na Pennsylvania chini ya Daniel Morgan. La pili la Christopher Greene. La tatu la Return Jonathan Meigs. Na la nne, lililokuwa nyuma pamoja na akiba kubwa ya chakula, lilikuwa la Roger Enos. Mto ulikuwa unashuka kwa nguvu, nao walikuwa wanaupanda. Palipokuwa na kina walisukuma kwa pondo. Palipokuwa na miamba waliingia majini mpaka kiunoni na kuzivuta mashua kwa mikono. Na palipokuwa na maporomoko walizipakua, wakazibeba mabegani, wakarudi kuchukua mapipa, wakarudi tena kuchukua bunduki na mahema.

Hapa inafaa nikueleze jinsi kambi ya vuli ya kaskazini inavyompa mtu uhai au kumnyima. Adui mkubwa wa mpiga kambi si baridi peke yake, bali ni baridi na maji pamoja. Nguo kavu huishika joto ya mwili kama vile mtungi ushikavyo maji. Nguo iliyolowa huiacha ipotee upesi, na upepo humaliza kazi. Mtu huanza kutetemeka, kisha vidole havitii amri, kisha akili huingia ukungu, akataka kukaa chini alale. Na akilala hivyo huenda asiamke. Kwa hiyo watu waijuao misitu hiyo husimamisha mwendo mapema kabla ya jua kutua. Hukata kuni nyingi, huwasha moto mkubwa, huzianika nguo, na hulalia matawi mateke ya misonobari yaliyotandikwa kwa unene ili ubavu usiguse ardhi. Kazi hiyo yataka mchana wa kutosha. Lakini mwanzoni mwa Novemba mchana wa huko ni wa yapata saa 10 tu, na askari wa Arnold waliutumia wote kuzivuta mashua. Walifika kambini gizani, wamelowa, wamechoka. Ilikuwa bado mwisho wa Septemba wakati nguo zilipoanza kugandamana barafu miilini mwao usiku.

Mwanzoni mwa Oktoba walifika kwenye maporomoko ya Norridgewock, makazi ya mwisho ya wazungu katika njia hiyo. Walipoyafungua mapipa ili kuzitengeneza mashua, waliona maafa yao. Maji yalikuwa yameingia kila mahali. Mkate mkavu ulikuwa umeoza, njegere zilikuwa zimevimba na kupasua mapipa, na samaki wa chumvi walikuwa wameharibika. Methali yetu husema akiba haiozi. Ya kwao iliozea ndani ya mashua, nao wakabaki na unga na nyama ya nguruwe kuwa ndicho chakula chao kikubwa.

Kutoka Kennebec walitakiwa kuhamia mto mwingine uitwao Dead River, maana yake Mto Mfu, kwa sababu maji yake hutambaa polepole kama yaliyolala. Baina ya mito hiyo miwili pana nchi ya maili 12 au 13, yenye vilima, matope na maziwa madogo matatu, nao waliivuka na kila kitu mabegani, wakienda na kurudi safari nyingi. Maji mabaya ya ziwa moja yaliwapa wengi ugonjwa wa tumbo, ikabidi Arnold aamuru kibanda cha magogo kijengwe msituni kiwe hospitali. Daktari wao, Isaac Senter, aliandika habari hizo katika kitabu chake cha kila siku. Ni kwa sababu yeye na wenzake kadhaa waliandika, hata wakiwa na njaa, kwamba mimi na wewe twaweza kuyajua haya leo.

Kisha ule Mto Mfu ukafufuka. Mnamo Oktoba 21 dhoruba kali ya upepo na mvua iliupiga msitu, miti ikaanguka, na usiku wa kuamkia tarehe 22 maji yalipanda yapata futi 8, yakaziingia kambi wakati watu wamelala. Waliamka ndani ya maji, wakakimbilia palipoinuka huku mapipa yao yakichukuliwa gizani. Kulipopambazuka hapakuwa na mto tena. Lilikuwako ziwa pana lililoufunika msitu, na hapana aliyeweza kutambua njia ya mto ilipopita. Siku chache baadaye mashua kadhaa zilipinduka katika mkondo, na unga mwingi pamoja na fedha ukazama. Theluji ikaanza kuanguka.

Ndipo lilipokuja swali ambalo limebishaniwa tangu siku hiyo mpaka leo. Tarehe 25 Oktoba maofisa wa mafungu ya nyuma walikutana kando ya mto: je, waendelee au warudi? Wa fungu la Greene walisema twendelee. Wa fungu la Enos walisema chakula hakitoshi watu wote, na kwamba kwenda mbele ni kuwapeleka askari wakafe. Mwishowe Enos alirudi pamoja na watu wake, wapatao 300, pamoja na wagonjwa. Wale waliosonga mbele waliomba wagawiwe chakula, wakapewa unga kidogo tu. Enos alipofika Cambridge alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na mnamo Desemba 1775 akaonekana hana hatia. Lakini tazama vizuri: mashahidi wake walikuwa maofisa wake mwenyewe, waliorudi pamoja naye. Wale ambao wangeshuhudia kinyume walikuwa bado mbele ya Quebec.

Wewe ungehukumuje? Usiharakishe. Ukisema Enos alikuwa mwoga, kumbuka ya kuwa aliwarudisha nyumbani mamia ya watu wakiwa hai, na kwamba midomo 300 zaidi katika msitu usio na chakula ingeongeza makaburi. Ukisema alikuwa mwenye busara, kumbuka ya kuwa fungu lake ndilo lililotakiwa kuitunza akiba ya jeshi zima, na waliokuwa mbele walikuwa wakimtazamia yeye. Mtu aweza kuwa na sababu nzuri ya kurudi, na bado akawa na deni kwa aliowaacha. Historia haina desturi ya kutupa hukumu nyepesi.

Waliobaki walivuka milima inayogawa maji. Kusini mwake mito yote huelekea Bahari ya Atlantiki. Kaskazini mwake huuendea Mto St. Lawrence. Mashua nyingi zilitupwa hapo, maana mabega yalikuwa hayawezi tena. Unga uliobaki uligawanywa sawasawa, na katika vikosi vingine kila mtu alipata painti 5 tu, nao ukawa ndio chakula cha njia yote iliyosalia. Upande wa pili, karibu na Ziwa Megantic, vikosi kadhaa vilipotea katika mabwawa na matope ambayo ramani haikuyaonyesha, watu wakitembea ndani ya maji yenye barafu nyembamba juu yake. Mto Chaudière, ambao jina lake kwa Kifaransa maana yake ni chungu cha kuchemshia, ulizipasua mashua zilizothubutu kuuingia. Unga ulipokwisha, watu walichemsha ngozi za viatu na za mifuko ya risasi wakanywa mchuzi wake. Walikula mishumaa. Kapteni Henry Dearborn alikuwa na mbwa wake mkubwa aliyempenda. Mbwa huyo naye aliliwa na askari, hata mifupa ikasagwa.

Katika safari hiyo walikuwamo pia wanawake wachache waliowafuata waume zao. Mmoja aliitwa Jemima Warner. Mume wake alidhoofika kwa ugonjwa na njaa, akabaki nyuma, na kikosi kikaendelea mbele kwa kuwa hapakuwa na nguvu ya kumbeba mtu. Jemima alirudi akakaa naye msituni mpaka alipokufa. Hakuwa na jembe la kuchimbia kaburi. Alimfunika kwa majani yaliyopukutika, akaichukua bunduki yake na mfuko wake wa baruti, akalifuata jeshi peke yake mpaka akalipata. Majani yale yale ambayo wengine husafiri mbali kuyatazama kwa uzuri wake, kwake yeye yalikuwa sanda.

Wokovu ulitoka mbele. Arnold alitangulia na watu wachache, akazifikia nyumba za kwanza za Wakanada wa Kifaransa mnamo Oktoba 30, akanunua ng'ombe na unga, akavirudisha nyuma upesi. Tarehe 2 Novemba askari wa mbele waliona ng'ombe wakija kando ya mto, na wako waliolia machozi. Mnamo Novemba 9 watu yapata 600 walisimama kwenye ukingo wa St. Lawrence, nguo zao zimeraruka, wengine miguu mitupu, wakautazama mji wa Quebec ng'ambo. Karibu nusu ya waliotoka hawakuwapo.

Mwisho wa vita hivyo ni mfupi kuusimulia. Waliuvuka mto usiku, Montgomery akaungana nao mwezi wa Desemba, na alfajiri ya tarehe 31 Desemba 1775, katika dhoruba ya theluji, waliushambulia mji. Montgomery aliuawa, Arnold akajeruhiwa mguu, Morgan akatekwa pamoja na mamia ya wengine. Mwezi wa Mei 1776 merikebu za Waingereza zilifika, na waliosalia wakarudi nyuma. Kanada haikuchukuliwa. Arnold mwenyewe, aliyesifiwa kwa ushujaa wa msituni, mwaka 1780 alijaribu kuiuza ngome ya West Point kwa Waingereza akakimbilia kwao. Na leo Wamarekani wakilitaja jina lake, aghalabu ni kwa maana ya msaliti.

Lakini liko jambo moja ambalo sitaki ulipite. Katika msitu ule walikuwamo wenyewe wa nchi, Waabenaki, waliouishi kwa vizazi vingi. Mmoja wao, jina lake Natanis, alikuwa na kibanda kando ya Mto Mfu. Arnold alikuwa ameambiwa kwamba mtu huyo ni mpelelezi wa Waingereza, akaamuru akamatwe au auawe. Watu waliotangulia kuipima njia, akiwamo kijana John Joseph Henry, ambaye baadaye aliandika habari za safari hiyo, walikifikia kibanda wakakikuta hakina mtu. Lakini karibu na makutano ya mito waliona kipande cha gome la mti kilichobanwa juu ya mti uliosimikwa ardhini. Kilikuwa ramani, imechorwa vizuri, yaonyesha mito inavyokwenda. Baadaye, msitu ulipokwisha, Natanis alijitokeza pamoja na Waabenaki wengine wapatao 40, wakaingia katika jeshi lile lile lililokuwa limemwinda. Akasema alikuwa akiwaona njia nzima, lakini aliogopa kujitokeza kwa sababu wangempiga risasi.

Basi pima mambo mawili haya. Jeshi liliiamini karatasi yenye mapengo iliyotoka kwa mgeni aliyepita mara moja, likamwogopa mwenyeji aliyekijua kila kijito. Kuuliza si ujinga, lakini mtu haulizi kwa mtu aliyekwisha kumwita adui. Sisemi kwamba Natanis angaliizuia mvua isinyeshe. Mvua haina mwenyeji. Nasema kwamba maili 170 zisizohesabiwa, mabwawa yasiyoandikwa, na chakula cha siku 20 katika njia ya siku 40, hayo hayakutoka mbinguni. Yalitoka katika haraka na katika dharau.

Leo ukienda huko hutaweza kulala pale walipolala. Mwaka 1950 bwawa la umeme lilikamilishwa katika Mto Mfu, na maji yakayafunika mabonde ya kambi zao, na pamoja nayo kijiji kilichoitwa Flagstaff, yaani mlingoti wa bendera, kwa ukumbusho wa mlingoti ambao yasemekana Arnold aliusimika hapo. Mlima ulio karibu waitwa Bigelow, kwa jina la Meja Timothy Bigelow aliyekuwamo safarini. Kila vuli watu huja na mahema mepesi na nguo zisizopitisha maji, wakapiga kambi kando ya ziwa hilo jipya, wakatazama miti ikigeuka rangi. Wana ramani zisizo na mapengo. Hata hivyo baridi ni ile ile, mchana ni mfupi vile vile, na msitu haujui tofauti ya mtalii na askari. Humwuliza kila aingiaye swali moja: umekuja na nini, na nani amekuonyesha njia?